Usiguse, Bado Ni Mpya

Nyumbani kwetu, juu kwenye vilima vya Mbooni, kulikuwa na vikombe ambavyo sikuwahi kunywea chai hata siku moja. Mwaitu, yaani mama yangu, alivinunua soko la Kikima vikiwa vimefungwa kwa karatasi, akaviweka ndani ya kabati, na hapo vikakaa vikingoja wageni. Wageni walikuja, wakanywea vikombe vya bati kama sisi, kwa sababu hakuna aliyekuwa mkubwa wa kutosha. Mimi surua ilinichukua macho nikiwa mdogo mno hata kujua rangi ya mchanga wa kwetu. Kila nilipopeleka mkono kwenye ile kabati, sauti ya mama ilinikuta njiani ikiniambia nisiguse, bado ni vipya.

Watu wenye macho hawajui neno hilo lilikuwa linaninyima nini. Ndugu zangu wakikatazwa kugusa, waliendelea kuvitazama vikombe na kubishana kama ua lililochorwa ni la waridi au la alizeti. Mimi nikikatazwa kugusa, vikombe vilikuwa havipo. Kulikuwa na kabati tu, na sauti za watu wakisifu kitu ndani yake.

Sisemi mama alikuwa mchoyo. Pande zetu zote kitu kipya kilikuwa na heshima yake, na heshima hiyo ilikuwa ni kutotumiwa. Baba alipopata redio, aliiacha ndani ya katoni yake na kukata tundu kwa kisu ili sauti ipate pa kutokea. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyokuwa karibu nasi alikuwa na viti vya sebuleni vilivyovikwa nailoni ya dukani miaka yote niliyomjua, na wakati wa joto ukikaa ilikung'ang'ania mapaja, ukiinuka ikapiga kelele kuliko wewe. Watu walimsifu kwa kutunza vitu. Nilikua nikiamini kwamba nailoni ni sehemu ya kiti.

Shule ya wasioona ndiyo mahali pa kwanza nilipoambiwa niguse. Mwalimu alinishika mkono siku ya kwanza akaupitisha kwenye dawati, ukutani, dirishani, kwenye uso wake mwenyewe na miwani yake, akisema gusa, gusa, usiogope. Nililia, na akadhani naogopa. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo katika nyumba iliyojaa vitu na nilikuwa sijui hata kimoja vizuri.

Nilipomaliza masomo nilifunzwa kazi ya simu, na mwanzoni mwa miaka ya sabini nikapata kazi katika ofisi moja mjini Kitui. Vijana wa leo hawajui swichibodi ya zamani, kwa hiyo nitaieleza. Ilikuwa ubao uliosimama mbele yako wenye safu za matundu, na juu ya kila tundu kifuniko kidogo cha chuma. Simu ikiingia, kifuniko cha laini hiyo kilianguka, tap. Nilipitisha kidole kwenye safu, nikakuta kilichoanguka, nikachukua waya wenye ncha ya shaba nikauchomeka hapo, nikamuuliza mtu anamtaka nani, kisha nikachomeka waya wa pili kwenye tundu la ofisi anayoitaka na kuzungusha mkono wa kengele. Kazi yote ilikuwa vidoleni. Aliyeitengeneza mashine ile hakuwa akinifikiria mimi hata kidogo. Alitumia chuma kwa sababu wakati ule hapakuwa na kingine, nami nikanufaika.

Nilikuwa hodari. Nalisema kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyebaki wa kulisema. Watu waliokuja ofisini na shida zao walinipita bila salamu, lakini wakiwa kwenye simu waliniita mama, dada, tafadhali, niunganishe. Niliolewa na kazi ile, maana wanaume wa kuniposa walikuwa wakija hadi mlangoni, wakiona fimbo yangu wanakumbuka wameacha kitu mahali.

Kutokana na mshahara wangu wa kwanza nilimnunulia mama blanketi. Nililichagua kwa mikono, dukani, mwenye duka akinung'unika kwamba ninayachafua mablanketi yake. Lilikuwa zito na laini, la kuzuia baridi ya Mbooni ambayo mwezi wa saba huingia hadi kwenye mifupa. Mama alilipokea kwa kulia. Nilipoenda Krismasi nikapapasa kitanda chake, nikakuta lile lile la zamani lenye matundu. Langu lilikuwa ndani ya sanduku, kwenye nailoni yake. Aliniambia huwa analitoa akawaonyesha watu.

Makueni ilipokatwa kutoka Machakos ikawa wilaya peke yake, ofisi nyingi zilifunguliwa mjini Wote, na mimi nikahamishiwa huko. Nilifurahi, maana Wote ni karibu na kwetu kuliko Kitui. Ofisi tuliyopewa ilikuwa na swichibodi ndogo ya kizamani iliyotolewa sijui wapi, yenye vifuniko vizito kidogo, lakini tulielewana nayo siku hiyo hiyo. Tatizo la Wote lilikuwa vumbi tu. Lilipita chini ya milango, likakaa kwenye meza, kwenye karatasi, kwenye meno. Karani niliyekaa naye chumba kimoja alikuwa akifuta meza asubuhi na kuifuta tena kabla ya chakula. Alikuwa mwanamke wa rika langu, na Jumapili tulisimama pamoja kwenye kwaya ya kanisa letu, yeye akiimba sauti ya pili na mimi ya tatu. Nilimpenda. Hilo nalo niliseme mapema, kwa sababu baadaye sitakuwa na hamu.

Tulikuwa tumekaa hapo mwaka hivi wakati bosi alipoingia na habari kwamba tunaletewa mashine mpya ya simu. Bosi wetu alikuwa mtu wa kupenda maendeleo. Sauti yake ilipanda kila alipotamka kitu kilichotoka Nairobi. Mashine ikaletwa na fundi mmoja aliyekuwa na haraka ya kurudi, akaifunga alasiri moja huku bosi na makarani wote wamemzunguka, na mimi nikiwa nimesimama nyuma yao katika chumba changu mwenyewe.

Nilipopata nafasi nilimuuliza fundi waya za kuchomeka ziko wapi.

“Hii ni dijitali, mama,” alisema. “Haina waya. Simu ikiingia taa inawaka, unafinya kifungo cha hiyo taa, basi.”

Nikamuuliza nitajuaje ni taa gani. Nadhani ndipo alipoiona fimbo.

“Taa haiguswi,” akasema, na hakuwa na ubaya katika sauti yake. Akaendelea kukusanya vifaa vyake. Alipokuwa akitoka alimwambia bosi kwamba ile karatasi ya nailoni iliyobandikwa juu ya mashine kutoka kiwandani tutaitoa wenyewe tukianza kazi.

Bosi akamjibu, “Itakaa hivyo hivyo. Hapa vumbi ni mingi, na hii ni mali ya gavamenti.”

Kesho yake alileta plastiki nzito kutoka nyumbani kwake, ile ya kufunika kitambaa cha meza sebuleni. Akaikata mwenyewe kwa makasi, akaitandaza juu ya ile nailoni ya kiwandani, akaibandika kwa selotepu pande zote nne. Karani alisifu jinsi alivyoipima vizuri. Mimi niliweka mkono hapo, na nikahisi kitu kilekile nilichokihisi utotoni kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Mkono wangu ulikuwa juu ya mashine na mashine haikuwepo.

Nilijaribu. Chini ya zile plastiki mbili niliweza kuhisi kwamba kuna vifungo, lakini kama vile unavyohisi mbegu ndani ya ganda la mbaazi lisilokomaa. Hujui kimoja kinaishia wapi na cha pili kinaanzia wapi. Nikipima kwa vidole kutoka ukingoni, plastiki ya juu iliteleza na hesabu yangu ikateleza nayo. Na hata nikivipata vifungo, sikujua ni laini ipi inayoita, kwa sababu kengele ilikuwa moja kwa zote. Simu ilipoingia nilisikia ile kengele, na chini yake kisauti kidogo sana, tik, kama ukucha unaogonga ndani ya sanduku. Nilimuuliza karani kama anaisikia. Alisema hasikii kitu. Fundi alipopiga kuuliza kama kila kitu ni sawa nilimweleza kuhusu ile tik, akasema mashine mpya huwa na vitu vyake, itazoea.

Nilikwenda kwa bosi. Nilimwambia, “Mzee, naomba nitoe hizi nailoni. Mimi nafanya kazi na vidole. Nikiigusa yenyewe, huenda nikaelewana nayo.”

“Wacha kwanza ifunguliwe rasmi,” alisema. “Kuna mkubwa anakuja. Unataka akute imejaa alama za mikono?”

Nilirudi kwenye kiti changu.

Mwisho wa wiki nilipanda kwetu nikamweleza mama. Mama alikuwa amezeeka lakini bado alikuwa akisuka vyondo, na vidole vyake vilijua katani kuliko vilivyonijua mimi. Alisokota uzi mwembamba, akanifungia mafundo madogo madogo, mengine ya duara, mengine marefu, kila aina tofauti na nyingine. Nikarudi nayo Wote nikayabandika kwa gundi juu ya plastiki ya bosi, karani akinielekeza kila fundo likae juu ya kifungo kipi. Ilisaidia. Kwa mara ya kwanza niliweza kufinya kifungo nilichokusudia. Simu za kutoka nilianza kuziweza. Za kuingia ndizo zilizobaki taabu, maana bado sikujua taa ipi imewaka, na ilinibidi nifinye moja baada ya nyingine nikisema halo, halo, mpaka mtu aitike. Wengine walikata wakifikiri ninawachezea.

Siku ya yule mkubwa kuja, nilifika asubuhi nikapitisha mkono na kukuta plastiki ni laini tupu, ina unyevu wa kitambaa. Bosi alikuwa ameagiza mafundo yabanduliwe. Alisema yalionekana kama uchafu. Karani ndiye aliyeyabandua, na aliniambia mwenyewe, kwa upole, kwamba ameyaweka kwenye bahasha nisije nikayapoteza. Mgeni akaja, akakata utepe uliofungwa kwenye mlango wa chumba changu, akainua mkono wa simu, akasema halo mara moja huku watu wakipiga makofi. Mimi niliombwa nikae kwenye benchi la nje mpaka wapige picha.

Baada ya hapo nikamkumbusha bosi habari ya nailoni, kwa kuwa sasa mashine imefunguliwa. Alisema kitu kilichofunguliwa na mkubwa ndicho kinachostahili kutunzwa zaidi.

Kanisani waliniombea. Karani aliwaambia kwamba ninapita katika jaribu kazini, na mchungaji akaniita mbele, akaniwekea mikono machoni, mikono yenye joto na harufu ya sabuni, na kanisa zima likasimama na kumlilia Mungu anifungue macho. Niliitikia amina. Nilitaka kazi yangu. Sikuwa na ugomvi na macho, tulikuwa tumeachana zamani bila chuki. Lakini unasimama mbele ya watu wanaokupenda namna ile, utawaambia wameomba kitu kibaya?

Siku simu ya bosi wa bosi wetu ilipokatika mkononi mwangu, mambo yakaharakishwa. Nilipimwa. Bosi aliwatuma watu kwenye ofisi mbalimbali wapige laini zetu, akasimama nyuma yangu pamoja na wakubwa wenzake wawili, nikasikia viatu vyao vikikwaruza mchanga kwenye sakafu. Kengele ikalia. Tik. Nikafinya, halo, hapana mtu. Nikafinya kingine. Kengele nyingine ikaingia juu ya ile ya kwanza, tik, tik, na mikono yangu ikaanza kutoa jasho, na jasho juu ya plastiki ni kama mafuta. Ilikuwa ni mikono ile ile iliyoiendesha Kitui yote. Nyuma yangu mtu alipumua kwa kusikitika, na pumzi ile iliniumiza kuliko maneno yaliyofuata.

“Si eti wewe ni mbaya,” bosi aliniambia watu walipoondoka. “Ni dunia imeenda mbele.”

Karani alipewa kiti changu kwa muda. Nilihamishiwa kwenye benchi la mapokezi, kazi yangu ikiwa kuwaambia watu wangoje. Ilipotoka amri ya kupunguza wafanyakazi wa serikali, ile iliyopita nchini kote miaka hiyo, hakuna aliyehitaji kufikiri sana kuhusu jina langu. Nilipewa chai ya kuagwa na keki iliyokatwa vipande vidogo. Karani alilia. Alisema hakutaka kiti kile, na ninaamini alisema kweli, na haikunisaidia kitu.

Nikarudi Mbooni kukaa na mama. Mtu aliyekuwa akiunganisha watu na ofisi zao sasa alikuwa akichambua maharagwe barazani. Majirani walikuja kunipa pole, wakasema angalau nilifanya kazi miaka hiyo yote, wengi kama mimi hata hawakupata. Niliwashukuru kwa meno yaliyokazwa. Sikuona kwa nini nifurahie kunyang'anywa kwa sababu wengine hawakupewa.

Mama alifariki mwaka uliofuata, mwezi wa baridi. Nilipapasa kitanda chake baada ya kumtoa, na lilikuwa bado ni lile blanketi la matundu. Langu lilitolewa kwenye nailoni kwa mara ya kwanza usiku wa matanga, likapewa wageni waliotoka mbali. Asubuhi nililisikia likikunjwa na mwanamke nisiyemjua, akisema ni blanketi zuri sana, kama jipya.

Ndipo rafiki yangu wa tangu shule ya wasioona aliponitumia salamu nimtembelee Kitui. Alikuwa bado kazini, opareta wa simu katika kiwanda kimoja pale mjini. Nilikwenda kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Nilimkuta kazini, akaniketisha kando yake, akaagiza chai, na katikati ya maneno yetu kengele ikalia. Ilikuwa ni kengele ile ile. Rafiki yangu aliitikia simu kabla haijalia mara ya pili, akaiunganisha, akarudi kwenye hadithi yake pale alipoiachia.

Nilimuuliza amejuaje ni laini ipi.

“Si ya tatu?” alisema. “Lete mkono.”

Akauchukua mkono wangu akauweka juu ya mashine. Kwanza nilihisi vifungo, kila kimoja na ukingo wake, na juu ya kimojawapo nukta iliyoinuka ya kukuonyesha katikati ni wapi. Kando ya kila kifungo palikuwa na kishimo kidogo kisichotosha ncha ya kidole. Akaniambia niache vidole hapo. Tulingoja. Kengele ikalia, na ndani ya kishimo kimoja pini ndogo ikainuka ikanigusa kidole, tik, ikakaa pale imesimama mpaka yeye alipofinya kifungo, ikarudi ndani.

Nilipapasa pembeni, nikakuta ndoano ya kutundikia mkono wa simu iliyopinda vile vile kama ya Wote, na mshono wa plastiki nyuma uliokwaruza kidole mahali pale pale. Nikamuuliza kama mashine yake ilikuja hivi, na zile pini, au aliwekewa baadaye.

“Ilikuja hivi. Mimi nilisikia kitu kikigonga chini ya karatasi, nikasema huyu ni nani,” alicheka. “Nikaitoa hiyo karatasi na meno siku hiyo hiyo. Waligombana, wakanyamaza. Kwani yenu ilikuwa aje?”

Nilimwambia yetu ilikuwa tofauti. Nilikunywa chai yangu yote, na ilikuwa moto, na sikuisikia ikishuka.

Nilijua, lakini nilitaka kujua kwa vidole. Wiki ile ile niliteremka Wote. Bosi alikuwa amehamishwa, na mlinzi mlangoni hakunijua. Lakini karani alikuwepo, akanikumbatia, akavuta kamasi kama mtu anayetaka kulia, akaniuliza habari za nyumbani na kunipa pole ya mama. Nilimwomba niketi kwenye kiti changu kidogo tu. Alicheka akanipisha.

Plastiki ilikuwa bado pale. Ilikuwa imekauka na kuwa ngumu, imejikunja pembeni, na selotepu ilikuwa imebandikwa juu ya selotepu nyingine mara nyingi hata ukingo wake ukawa mnene kama mshipi. Niliweka mkono juu yake nikangoja. Kengele ikalia. Chini ya kiganja changu, ndani kule, tik. Mashine ile ilikuwa ikinibishia hodi siku zote zile, simu baada ya simu, na kanisa zima lilisimama kumwomba Mungu afungue macho, na hakuna mtu hata mmoja, mimi nikiwa nimeketi hapo hapo, aliyefungua nailoni.

Niliingiza ukucha chini ya selotepu nikavuta. Ilipiga kelele. Karani akasema, “Dada, unafanya nini?” Niliivua plastiki ya bosi, nikaivua na ile nyembamba ya kiwandani iliyokuwa chini yake, na hiyo ilibanduka kirahisi, maana ilitengenezwa ibanduke. Vishimo vilikuwepo. Nukta ilikuwepo. Chini ya nailoni hapakuwa na hata chembe ya vumbi.

“Ngoja simu iingie,” nilimwambia. Tukangoja, mimi nikiwa na vidole juu yake, na yeye amesimama begani kwangu. Ilipoingia, pini ya laini ya pili ikaniinukia kidoleni. Nilifinya, nikasema halo, nikataja jina la ofisi kwa sauti ile ya zamani, na mwanamume upande wa pili akaniomba nimuunganishe na stoo. Nikamwambia angoje. Nikamshika karani mkono nikauweka pale nilipokuwa nimeweka wangu, nikamweleza pini ni za nini na ile tik ilikuwa ni nini.

Mkono wake ulibaki ndani ya wangu. Yule mwanamume alianza kuita halo, halo. Karani akauchomoa mkono, akapitisha mwili wake mbele yangu akafinya kifungo cha stoo, kwa kuwa mimi sikuwa mfanyakazi tena.

“Pole, dada,” alisema baadaye. “Kweli pole. Hatungejua.” Kisha akapuliza juu ya mashine, pumzi fupi fupi, kama mtu anayepuliza uji. “Lakini sasa nitaifunika na nini? Saa hii tu vumbi imeanza kuingia kwa hizo shimo.”

Nilichukua fimbo yangu. Hakunizuia. Nilipofika mlangoni nilisikia nyuma yangu droo ikifunguliwa, kisha selotepu ikivutwa.